Ganeti ya Mkamburi

Mahali penye baridi kali kuliko pote katika kaunti ya Taita Taveta si kule juu Mgange, ambako watu hulala na soksi. Palikuwa ndani ya mtungi wa chuma, kimo cha mtoto wa darasa la pili, katika chumba cha mwisho cha chuo kidogo kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, karibu na Mraru. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na sita, na mbuzi walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha tangi la maji. Ndani ya mtungi ilikuwa nyuzi mia mbili sitini na saba chini ya sifuri. Katikati ya hali hizo mbili alikaa Tryphena Mkamburi, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, pamoja na feni mbovu.

Ndani ya mtungi mlikuwa na kipande cha ganeti. Neno hilo lilimletea taabu tangu siku ya kwanza, kwa sababu Taita nzima inajua ganeti ni nini: ni jiwe la kuchimba, la kufungwa kwenye kitambaa na kupelekwa kwa broka. Ganeti ya Mkamburi haikuchimbwa na mtu. Ilikuzwa kwenye maabara Ujerumani, ina chuma ndani yake, inashika sumaku, na ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ungelazimika kupanga vipande mia tano ndipo upate unene wa unywele mmoja. Broka angeitazama mara moja tu na kuuliza kama kuna chai.

Alichotaka kujua kilikuwa jambo dogo. Ukipasha joto ncha moja ya kipande kile, joto hufika ncha ya pili. Sehemu kubwa hubebwa na chembe zenyewe zikitikisika, na hilo linajulikana tangu zamani. Lakini katika kitu chenye sumaku, kila chembe ya chuma ni kama ina sindano ya dira, na sindano zote zimesimama zikitazama upande mmoja. Moja ikiyumba, jirani yake naye huyumba, na wa pembeni vilevile, hadi mwisho wa mstari, wala hakuna aliyetoka mahali pake. Kuyumba huko nako hubeba joto. Ni kiasi gani, kitu kikiwa chembamba namna ile? Njia ya kujua ilikuwa kuwasha sumaku kubwa iliyouzunguka mtungi. Sindano zikabanwa, zikashindwa kuyumba, na joto lililopungua ndilo lililokuwa fungu lao. Kuwasha, kupima, kuzima, kupima. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka minne.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa nne, alipoacha kusoma wastani na kuutazama mstari wenyewe, aliona ajabu. Sumaku ikiunganishwa, joto halikupita kwa utulivu. Lilipita kwa mapigo, moja kila sekunde na kidogo, bila kukosea. Akabadilisha nyaya. Mapigo yakabaki. Akabadilisha soketi. Mapigo yakabaki. Akaogopa kufurahi, akafurahi, akamwandikia profesa wake wa Ujerumani. Bwana yule, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kutumia hata alama moja ya mshangao, alijibu kwa kutumia tatu. Mkamburi akampigia mama yake Mgange, na Jumapili iliyofuata mama akasimama kanisani kushukuru kwamba bintiye amegundua mapigo ya moyo wa jiwe. Kwaya ikaimba. Mchungaji akasema Mungu ni mkubwa, jambo ambalo halikuwa na ubishi.

Wiki mbili baadaye aliingia Mwanzia kuomba maji ya kunywa. Mwanzia alikuwa mtunza fensi ya ndovu, mzee Mkamba wa miaka hamsini na minane, aliyeajiriwa na kamati ya wakulima kutembea na fensi ya stima kila siku akikata majani na kukaza waya. Shingoni alikuwa amening'iniza redio ndogo, na redio hiyo ilikuwa ikitangaza mpira kwa Kikamba, na katikati ya mpira ikigonga: tik, tik, tik.

Mkamburi aliitazama redio, akatazama kompyuta yake, akatazama redio tena. Ziligonga pamoja.

"Mzee Mwanzia, mbona redio yako inagonga?"

"Ni fensi, Daktari."

Hakuwa daktari bado. "Fensi gani?"

Mwanzia alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua ni lipi. "Hii iko nyuma ya nyumba yako hapa. Ile mashine yake inapiga shoti kila sekunde na kidogo. Redio zote zinashika. Hata watoto wanajua. Ukitaka kusikiza mpira vizuri, unaenda upande wa kanisa."

Angezaliwa Mraru, Mkamburi angelijua jambo hilo kabla ya kung'oka meno ya utotoni. Lakini yeye ni mtoto wa milimani, na milimani hakuna ndovu wala fensi ya stima; huko adui wa mahindi ni nyani na shangazi wa upande wa baba. Sumaku yake kubwa, na mita zote zile za waya uliozungushwa, ilikuwa imefanya kazi ya redio ya Mwanzia kwa gharama kubwa zaidi. Alikuwa amegundua fensi.

Alimwandikia profesa. Profesa alijibu kwa sentensi nne, zote zikiishia kwa nukta. Alisema kelele za fensi zimefunika kila kitu, kwa hiyo vipimo vya miaka minne havifai hata kimoja. Alisema huenda fungu la sindano lipo chini ya kelele hizo, na huenda halipo. Alimkumbusha kwamba mtungi ni wa kuazima na lori litauchukua Jumatatu ya wiki iliyofuata kuupeleka chuo kingine. Bila kipimo kimoja safi hakuna tasnifu.

Mkamburi alijikaza. Alikwenda Voi mjini akanunua foili zote za jikoni alizozikuta madukani, roli kumi na moja, akaufunga mtungi hadi ukafanana na kuku wa Krismasi. Mapigo yakapungua nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa bado mara ishirini ya kitu alichokitafuta. Ikabaki njia moja tu, kuwaomba wakulima waizime fensi kwa saa sita.

Kamati ya fensi ilikutana Jumanne kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa Danson, karani mstaafu wa reli, mtu aliyeendesha mikutano kana kwamba kuna treni nyuma yake. Alimpa Mkamburi dakika kumi. Mkamburi alisimama, akataja neno ganeti, na ukumbi mzima ukaamka.

"Iko rangi gani?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Kijani, ile ya pesa?"

"Kama kahawia hivi. Lakini huwezi kuiona vizuri."

"Iko gramu ngapi?"

"Haifiki hata gramu. Ukiiweka kwenye mkono huwezi kusikia kitu."

Ukumbi ukalala tena. Danson akauliza itawasaidia nini. Mkamburi alikuwa amelitayarisha jibu hilo, na ndilo lililomharibia. Alisema utafiti huo utasaidia kutengeneza simu na kompyuta zisizopata moto.

"Lini?" akauliza Danson, kalamu mkononi.

"Labda baada ya miaka ishirini."

Danson akaandika. Pauline akainua mkono. Huyu alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, Mdawida, yaani Mtaita, aliyeshuka kutoka milimani zamani akifuata shamba, na shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa kwenye fensi, pale inapokata kona kwenye korongo. Msimu ule mvua ilikuwa imewasusa. Mahindi ya kila mtu yalikauka yakiwa ya kimo cha goti, isipokuwa ya Pauline, eka moja na nusu aliyoimwagilia kwa mpira miezi mitatu mfululizo kutoka kwenye kisima cha bomba. Yalikuwa yamebakiza wiki mbili avune.

"Simu yangu ni mulika mwizi, ya tochi tu," alisema Pauline. "Haijawahi kupata moto."

Watu wakacheka. Pauline hakucheka. "Mwaka juzi fensi ilizimwa masaa mawili, waya zibadilishwe. Ndovu walikuwa ndani kabla fundi hajamaliza chai. Wale wanakuja kuonja waya kila siku, wanaigusa na pembe. Wanajua. Sasa wewe unataka masaa sita. Nikuulize, usipopima itakuwa aje?"

"Miaka yangu minne itakuwa imeenda bure, Mama."

"Na ukipima ukute hakuna kitu?"

Mkamburi hakuwa ametayarisha jibu la hilo. "Basi nitajua hakuna kitu," alisema.

Pauline akawageukia wenzake. "Hiyo ndiyo jibu la kwanza ya ukweli tumepewa leo. Mimi nasema azimiwe. Lakini iwe mchana, na sisi tusimame kwa fensi, kila mtu hatua hamsini, na madebe. Kukija kitu, mashine iwashwe saa hiyo hiyo."

Mkamburi, kwa hofu tu ya kuharibikiwa tena, akaongeza sharti lake: simu zote zizimwe, kwa kuwa nazo zina kelele zake. Kukawa na manung'uniko makubwa kuliko yaliyotokea kwa ajili ya ndovu. Danson akapigisha kura. Walioafiki walizidi kwa wanne.

Ijumaa saa tatu asubuhi, watu sabini na wawili walisimama kwenye fensi ya kilomita tatu. Kulikuwa na kina mama wa kanisa na viti vyao, timu ya mpira ikiwa na jezi, na mwalimu mmoja aliyekuja kusahihisha mitihani. Kwa vile hakuna simu, habari zilipitishwa kwa mdomo, mtu akimwita wa pili, wa pili akamwita wa tatu. Habari ya kwanza kupita ilikuwa kwamba watu wa upande wa korongo hawajaletewa chai. Mwanzia aliketi kwenye kibanda cha mashine ya fensi, hatua chache kutoka dirisha la maabara. Saa ilipotimia akainua mkono, akazima.

Kwenye kompyuta mapigo yalikatika. Mstari ukanyooka, mwembamba, mtulivu, na Mkamburi akaanza kulia. Alikuwa hajawahi kuiona ganeti yake. Miaka minne alikuwa akiitazama fensi, na sasa jiwe lenyewe lilikuwa mbele yake limenyamaza. Alifuta machozi kwa kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa foili, na foili haifai kwa kazi hiyo.

Kisha akaanza kazi. Washa sumaku, ngoja dakika arubaini joto litulie, pima. Zima, ngoja, pima. Saa tano alikuwa na vipimo viwili na hakuthubutu kuvilinganisha. Saa saba alikuwa na vinne, akavilinganisha kwa jicho moja. Palikuwa na tofauti. Sumaku ikiwaka, joto lilipungua. Lakini tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, na kwa vipimo vinne mtu yeyote mwenye roho mbaya, yaani kila mtu anayesoma tasnifu, angesema imetokea tu kwa bahati. Alihitaji vingine vinne. Saa sita alizopewa zingetosha kwa vingine viwili tu. Hesabu hiyo aliijua tangu mwanzo, akaomba saa sita tu kwa kuwa hakuwa na uso wa kuomba kumi.

Saa nane kasoro dakika ishirini, Mwanzia aligonga dirisha.

"Daktari. Maneno imefika. Ndovu sita, kwa Pauline. Wametoka kwa korongo."

Maneno hayo yalikuwa yamepitia midomo sabini kwa muda wa dakika tatu. Upande ule madebe yalianza kulia, mbali sana, kama mvua kwenye bati la jirani. Mkamburi alitazama kompyuta. Kipimo cha tano kilikuwa kimebakiza dakika kumi na tano.

Isemwe hapa bila kumpaka mafuta: alizitazama zile dakika kumi na tano. Alizitazama kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi nane. Kisha akasema, "Washa."

Mwanzia hakusogea. "Wako ndani tayari."

"Mzee, washa! Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nikiambiwa wako nje. Hawa wako ndani." Alisema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya stendi. "Nikiwasha sasa, watatoka wapi? Fensi haijui nje na ndani. Ndovu akipigwa shoti akiwa ndani anarudi kwa mahindi. Utakuwa umewafungia hapo na chakula. Na watu pia wako hapo. Fensi ikae imezima mpaka watoke wenyewe."

"Watatoka saa ngapi?"

"Wakishiba."

Mkamburi alibaki dirishani. Danson, aliyekuwa kwenye kona ile, alikuwa ameshawasha simu yake na kuwapigia askari wa wanyamapori. Gari lao lilikuwa Mwatate kwa ndovu wengine. Madebe yaliendelea kulia. Ndovu waliosikia madebe maisha yao yote hawana habari nayo.

Nyuma yake mstari kwenye kompyuta ulikuwa ukitembea, safi kabisa. Alijua angeweza kwenda kule kusimama na wenzake na kupiga kelele, awe mtu wa sabini na tatu asiyefaa kitu. Angeweza pia kuketi. Ndovu walikuwa wanampa muda ambao asingethubutu kuuomba mkutanoni, na kila dakika ya muda huo ilikuwa ikitafunwa kwenye shamba la Pauline. Alijichukia. Akaketi, akangoja kipimo kiishe.

Kipimo cha tano kikatoka. Cha sita kikatoka. Madebe yalinyamaza kwa uchovu, yakaanza tena. Cha saba. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi Mwanzia alipita dirishani bila kugonga, akasema wametoka, wote sita, na wanatembea taratibu kama watu wanaorudi kutoka harusini. Kipimo cha nane kilikuwa kimetoka dakika moja kabla. Mwanzia akawasha mashine ya fensi, na kwenye kompyuta mapigo yakarudi palepale, moja kila sekunde na kidogo.

Aliweka vipimo vinane kwenye hesabu. Hesabu ilitoka mara moja, haikuhitaji kubembelezwa. Sindano zilibeba sehemu kumi na moja katika kila mia ya joto, kukosea ni moja juu au moja chini. Hakuna mtu aliyekuwa amelijua jambo hilo duniani hadi dakika ile. Alilijua yeye peke yake, akazima kompyuta, akafunga mlango, akaanza kutembea kando ya fensi kuelekea korongo.

Ilikuwa kilomita tatu, na njia nzima alikutana na watu wanaorudi, viti kichwani. Hawakumsema. Walimsalimia vizuri, jambo lililomuumiza zaidi. Alitayarisha maneno ya kuomba radhi, akayapanga, akayapangua.

Eka moja na nusu ya mahindi ilikuwa chini. Ilibaki mistari minne upande wa nyumba, ikisimama kama watoto waliochelewa gwaride. Mengine yalikuwa yamelala, yamevutwa, yamekanyagwa kwenye udongo pamoja na mpira wa maji, nao ulikuwa umekatika vipande vitatu. Danson na wanaume wengine watano walisimama pembeni, mikono nyuma, kimya cha matangani. Pauline alikuwa ameketi kwenye debe lililopinduliwa, katikati ya shamba, jagi la maji miguuni.

"Umepata?" aliuliza.

"Nimepata, Mama."

"Iko kitu ama hakuna?"

"Iko. Kumi na moja kwa mia."

Pauline akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari. Mkamburi akafungua mdomo. "Mama, naomba—"

"Ngoja."

Pauline aliinua jagi, akajaza maji kinywani, akayapuliza chini kwenye mabua. Akajaza tena, akapuliza, na baina ya kupuliza na kupuliza akanena maneno kwa Kidawida, sauti ya chini, akiiambia hasira itoke moyoni mwake, iishie pale chini, isimfuate mtu. Huko milimani jambo hilo huitwa kutasa. Mkamburi aliliona mara moja tu maishani, akiwa na miaka saba, babu yake akimfanyia mjomba waliyekosana naye. Wazee walisema hasira ikikaa moyoni haihitaji kutumwa. Hujiendea yenyewe kwa mtu inayemhusu na kumuunguza, na mwenye nayo yuko vilevile, ameketi mahali pake. Pauline alikuwa mama wa kanisa na kitambaa cha kanisa alikuwa nacho kichwani wakati huohuo. Hakuona tatizo.

Alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa na hasira na wewe," alisema. "Mbaya. Nilikuwa nasikia mpaka masikio imepata moto. Sasa nimeitoa. Pole yako sitaki, sina mahali ya kuiweka. Kaa hapo chini, unielezee hiyo kitu umepata. Yote. Na usinipe ile ya simu."

Mkamburi aliketi kwenye udongo. Alianza kwa maneno ya tasnifu, Pauline akamkatiza. Akaanza kwa maneno ya mkutanoni, Pauline akamkatiza tena. Mara ya tatu akachukua mabua yaliyovunjika, akayasimamisha mstari mmoja kwenye udongo laini, yakigusana mabega, na akaeleza jinsi moja likiyumba jirani naye huyumba, na joto likaenda hadi mwisho bila bua hata moja kuhama. Akaeleza sumaku inavyoyabana. Akaeleza kumi na moja ni nini na tisini inayobaki ni nini, na Pauline akamwambia inayobaki ni themanini na tisa. Danson alikuwa amesogea. Wale watano nao walisogea, kisha wakachuchumaa. Pauline alimfanya arudie mara mbili, na mara ya pili yeye mwenyewe akayagusa mabua kwa kidole kimoja, akayatazama yakiyumba.

"Hapo nimeelewa," alisema. Akaweka kidole kwenye bua la mwisho. "Sasa huyu. Amepewa joto na jirani yake. Mbele yake hakuna jirani. Yeye anampa nani?"

Mkamburi alilitazama bua lile. Ganeti yake ilikuwa imebandikwa juu ya kitu kingine kisicho na sumaku, kisicho na sindano hata moja, na pale zilipogusana ndipo kila mtu aliyemsoma kwa miaka minne alipoanza kukohoa na kubadilisha mada. Yeye pia, katika tasnifu yake, alikuwa amepapitia haraka kwa aya moja.

"Sijui, Mama," alisema. "Hakuna anayejua vizuri. Kwa kitu chembamba hivyo, hakuna mtu amepima."

"Wewe unaweza kupima?"

"Nikiazimwa mtungi tena. Labda mwakani." Akasema na kilichobaki, kwa kuwa hakukuwa na njia ya kukikwepa. "Na fensi izimwe. Kwa siku mbili."

Wanaume wakatazama pengine. Pauline alilitazama shamba lake, kutoka kwenye mistari minne hadi kwenye korongo, bila haraka, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. Kisha akainuka, akakung'uta sketi, akachukua jagi.

"Basi uniambie kabla mvua haijaanza," alisema. "Nipande ufuta. Ndovu hali ufuta."